Fundi Anayesoma Kitasa

Mpelekee fundi wa funguo wa Magongo au wa Kisauni ufunguo wa Pijo 504 ulioisha meno, umwambie akutolee mwingine. Kama kazi anaijua, hataukimbiza kwenye mashine. Ataugeuzageuza mkononi, apitishe kidole gumba juu ya meno, kisha akuulize ni mlango gani wa gari hilo usiofunguliwa mara kwa mara. Swali hilo ndilo linalomtenga fundi na mwenye mashine.

Mashine ya kuchongea funguo hushika funguo mbili kwa pamoja: wa zamani huku, na ule ambao haujachongwa kule. Ncha ya chuma ikifuata meno ya wa kwanza, gurudumu la kukatia hufuata njia ileile juu ya wa pili. Ni kazi ya dakika chache, na kwa kufuli la duka yatosha. Lakini mashine hunakili kila inachokigusa, hata ubovu. Ufunguo uliotumika miaka arobaini umelika, meno yamekuwa butu. Ukiunakili, unapata shaba mpya yenye uchakavu wa kale, na nakala ya nakala huzidi kupotoka, kama habari ipitayo midomo mingi. Wenye magari ya zamani wanazijua dalili: ufunguo hauzunguki mpaka utikiswe, na pengine huchomoka mkononi injini ikiwa bado inanguruma.

Ndiyo maana fundi hukitaka kitasa chenyewe. Ndani ya kitasa cha gari la aina hiyo mna vibati vyembamba vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja kina tundu katikati na springi ubavuni. Pasipo ufunguo, springi huvisukuma vibati vikajitokeza na kuizuia silinda isizunguke. Ufunguo ukiingia, kila jino huvuta kibati chake. Vyote vikilala sawasawa na uso wa silinda, hapo kitasa hukubali. Tofauti ya kina baina ya jino na jino ni sehemu tu ya milimita.

Mlango wa dereva hufunguliwa kila siku, kwa hiyo vibati vyake navyo vimelika. Kitasa cha buti au cha mlango wa abiria, kama kinatumia ufunguo huohuo, huwa bado kimehifadhi vipimo vilivyo karibu na vya kiwandani. Fundi hukifungua, hukiosha kwa petroli mpaka tope la grisi kuukuu litoke, kisha hupima kibati kimoja kimoja na kuandika. Huku pwani huziangalia na springi pia, maana hewa ya chumvi huzila mapema. Akikirudisha hakitii oili, kwa sababu oili hukusanya vumbi. Hukipulizia unga mkavu wa grafaiti, jamii ya ile iliyomo ndani ya penseli.

Funguo zote zikiwa zimepotea na kitasa hakitoki, hapo ndipo ustadi hasa huonekana. Fundi huchagua ufunguo usiochongwa ambao mifereji yake ya ubavuni inaingia kwenye tundu lile, huubana kwenye jiliwa na kuusugua kwa msasa hadi ung'ae. Wengine huupitisha juu ya moto wa kibatari ushike masizi. Kisha huutia kitasani, huuzungusha kwa nguvu kidogo, na kuuchomoa polepole. Kibati kinachopinga huacha alama ndogo, nukta ambayo mgeni wa kazi haioni hata akioneshwa. Pale penye alama, na pale pekee, fundi hupitisha tupa mara moja au mbili. Husafisha, hurudisha, huzungusha, huchomoa, huangalia tena. Alama ikitoweka mahali fulani, jino hilo limefika kina chake na haliguswi tena. Mkono ukipitiliza, kazi yote huanza upya, kwani shaba iliyokwisha kulika hairudi.

Ustadi huu una thamani kubwa kwetu. Pijo hiyo, yaani Peugeot 504, ilitoka mwaka 1968, na jina lake hapa Kenya ilijijengea barabarani: Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 nyingine mwaka 1978. Miaka mingi ilikuwa gari la kubebea abiria wa safari ndefu. Leo kanuni ya KS 1515 haipitishi bandarini gari kuukuu la kawaida lililozidi miaka minane. Kwa hiyo yale ya zamani yaliyokwisha kuwepo nchini, yenye namba za herufi tatu na tarakimu tatu, za kabla ya mfululizo wa KAA, hudumu kwa sababu kuna anayejua kuyatunza. Gari zima laweza kulala uani kwa kukosa kipande cha shaba kisichojaza kiganja.

Fundi wa kweli ana sharti jingine kabla hajashika tupa: hudai kitambulisho chako na kitabu cha umiliki wa gari. Usichukie. Mkono unaoweza kufungua gari lako usipokuwa na ufunguo waweza kulifungua na la jirani, na uaminifu wake ni sehemu ya ufundi wake sawa na jicho lake.

Basi kama una gari la zamani, usingoje ufunguo wa mwisho upotee. Mpelekee fundi kitasa wakati gari bado linafunguka, na ule wa kwanza atakaokuchongea uuweke nyumbani, uwe kipimo cha kutolea nyingine zote. Umlipe kwa saa alizoinama juu ya jiliwa, usimlinganishe na bei ya mashine. Na ukiwa na kijana anayetafuta kazi ya mikono, mpeleke akakae karibu naye.