Eti kosa ni la mtu mmoja?

Kama umewahi kukaa kwenye semina ya usalama wa mtandao, kazini au chuoni, sentensi hii umeisikia: udhaifu mkubwa wa mfumo wowote ni binadamu. Mtoa mada anaitamka kama sheria ya fizikia, watu wanaitikia kwa vichwa, chai inaletwa. Mimi nasema hiyo ni nusu tu ya ukweli, na nusu inayofichwa ndiyo inayowatesa watu wa usalama wa taarifa kwenye makampuni. Twende kwenye kisa kimoja uone.

Equifax ni kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu. Machi 7, 2017, ilitangazwa kwamba Apache Struts, programu ambayo makampuni mengi huitumia kujengea tovuti zao, ina tundu la hatari. Kiraka cha kuliziba kilikuwa tayari. Siku mbili baadaye barua pepe ikazunguka ndani ya Equifax: wekeni kiraka ndani ya saa 48. Mfumo mmoja, ule wa kupokea malalamiko ya watu kuhusu kumbukumbu zao, haukuwekewa. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia, wakakaa humo siku 76, wakaondoka na taarifa za watu takribani milioni 147: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za hifadhi ya jamii.

Oktoba mwaka huohuo, Richard Smith, ambaye alikuwa ameshaachia ngazi ya ukurugenzi mkuu, alihojiwa bungeni. Maelezo yake yalikuwa mepesi: kuna mtu mmoja hakufikisha ujumbe wa kiraka kwa wahusika, na programu ya ukaguzi nayo haikuliona tundu. Basi.

Sasa soma ripoti ya kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliyotoka Desemba 2018. Kampuni haikuwa na orodha kamili ya mifumo yake yenyewe. Utazibaje ufa kwenye nyumba ambayo hujui ina vyumba vingapi? Kifaa cha kuchunguza mawasiliano ya mfumo ule kilikuwa kipofu kwa miezi 19, kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikwisha muda na hakikuhuishwa. Siku kilipohuishwa, Julai 29, wizi ukaonekana. Nywila zilikuwa zimehifadhiwa kwenye faili bila kusimbwa, nazo zikawafungulia wadukuzi kanzidata nyingine 48. Na mkuu wa usalama alikuwa chini ya idara ya sheria, mbali na watu wa TEHAMA ambao ndio waliotakiwa kuweka viraka.

Hebu niambie, hapo mtu mmoja yuko wapi?

Utanijibu: lakini watu kweli wanadanganyika. Sikatai. Julai 2020 matapeli waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter, wakawalaghai, kisha wakatumia akaunti za Barack Obama na Elon Musk kuomba bitcoin. Ila swali la kitaalamu halitakiwi kuishia kwa nani alidanganyika. Tuulize kwa nini kuwalaghai wafanyakazi wachache kulitosha kufikia akaunti za wakubwa wote hao. Mfumo mzuri unajengwa ukijua kwamba mtu atachoka, atasahau, atabofya.

Hata kwenye nywila tumeshaliona hili. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2003 ulichangia kueneza desturi ya kudai herufi za ajabuajabu na kubadilisha nywila mara kwa mara. Watu wakafanya nini? Wakaongeza 1 mwishoni, mwezi ujao 2. Mwaka 2017 NIST ikageuza msimamo, ikashauri watu wasilazimishwe kubadilisha bila dalili kwamba nywila imevuja. Ubovu ulikuwa kwenye kanuni, lakini kwa miaka yote hiyo aliyekuwa analaumiwa ni mtumiaji.

Kwa nini hili likuhusu? Kwanza, wale milioni 147 hawakubofya chochote. Wengi wao hawakuwahi hata kuichagua Equifax. Taarifa zao zilifika huko kupitia mabenki na wakopeshaji. Ukiwaambia udhaifu ni binadamu, unamaanisha binadamu yupi? Pili, wewe unayesoma shahada ya kompyuta, kesho unaweza kuajiriwa uwe "mtu wa usalama" wa ofisi nzima: huna orodha ya mifumo, huna sauti mbele ya bosi, ila siku ya tukio jina lako ndilo litakaloandikwa.

Kwa hiyo semina ijayo, mtoa mada akiitoa ile sentensi yake, nyoosha mkono. Muulize: orodha ya mifumo yetu iko wapi, na mara ya mwisho ilihakikiwa lini? Akikosa jibu, ufa mmeuona.