Bolti Inayotakiwa Kuachia

Pikapu ya kilo 2,270 inauvamia ukingo wa barabara kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, pembe ya nyuzi 25. Ndivyo mwongozo wa Marekani uitwao MASH, uliotolewa mwaka 2009, unavyotaka kingo za barabara kuu zijaribiwe. Pikapu halisi hugonga mara moja tu, ikaishia kuwa chuma chakavu. Ile ya kwenye kompyuta hugonga hata mara mia, na kila mara mhandisi amebadilisha jambo moja: kimo cha bati, kina cha nguzo, ugumu wa udongo.

Mimi navutiwa na bolti. Ukingo wa kawaida ni bati la mawimbi mawili, unene wa milimita 2.67, lililofungwa kwenye nguzo kwa bolti zinazopita katika tundu refu. Mtu angedhani bolti bora ni ile isiyoachia kamwe. Sivyo. Gari likigonga, nguzo hulala. Bolti ikiendelea kung'ang'ania, nguzo hulivuta bati chini, na pikapu hupata ngazi ya kupandia. Kichwa cha bolti sharti kipenye tundu kwa wakati wake, bati libaki juu na kuligeuza gari lirudi kwenye uelekeo wa barabara. Ndiyo maana fundi mzuri hukaa na bolti hiyo moja kwa siku kadhaa, akaigawa kwenye kompyuta pamoja na tundu lake katika vipande vidogo mno, kisha akalinganisha nguvu ya kuchomoka na ile iliyopimwa maabara.

Udogo huo una gharama. Programu ya LS-DYNA, inayoigiza migongano hii na iliyochipuka katika kazi ya John Hallquist kwenye maabara ya Lawrence Livermore miaka ya 1970, haiwezi kupiga hatua ndefu kuliko muda wa sauti kukatiza kipande kidogo kuliko vyote. Kwa kipande cha chuma cha milimita 5, hiyo ni takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Sekunde moja ya ajali ni hatua milioni.

Halafu picha inatoka, nzuri ajabu, na hapo ndipo subira inapohitajika zaidi. Vipande vya aina rahisi huweza kujipinda bila kutumia nishati yoyote, kama mkeka uliosukwa legelege. Programu huvizuia kwa nguvu za bandia na kuziwekea hesabu yake. Pikapu ilikuja na kilojuli 876 hivi. Fundi hukagua zimekwenda wapi, na za bandia ni ngapi, kabla hajaitazama picha.

Mwisho huja mgongano wa kweli uwanjani. Mikondo miwili ya mchapuko, wa kompyuta na wa uwanjani, hulazwa mmoja juu ya mwingine. Kisha fundi anatembea kando ya ukingo uliopinda, nguzo baada ya nguzo, akihesabu bolti zilizoachia.