Kibatari na Yai la Bata

Bibi yangu, pale Pangani, hakuwa na kalenda ukutani, lakini alijua bata wake amelalia siku ya ngapi. Usiku wa siku ya nane, baada ya isha, alifunga dirisha la chumba cha uani na kuwasha kibatari. Juu yake alifunika kopo la maziwa ya unga lililotobolewa ubavuni tundu la ukubwa wa sumni. Kisha alinituma nikamtolee mayai, mawili mawili, ndani ya upindo wa kanga yake. Bata alinifokea kama nyoka. Bibi alimtuliza kutoka mlangoni: "Pole mama, tunakurudishia sasa hivi."

Yai aliliegemeza kwenye tundu kwa upande wake butu, akalizungusha kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Chumba kizima kilikuwa giza ila yai lile, limewaka rangi ya papai bivu. Ndani yake palionekana doa dogo jeusi, na kutoka kwenye doa mishipa myembamba myekundu imetambaa kila upande mithili ya mizizi ya mche uliong'olewa. Alinivuta karibu mpaka nikasikia joto la kopo shavuni. "Usipumue," alininong'oneza. "Tazama doa." Nikatazama, na doa likacheza. Alisubiri licheze tena, ndipo akasema, "Huyu yupo," akachora mstari wa mkaa kwenye ganda ili yai jingine likija kutagwa kiotani lijulikane kuwa geni.

Yai lililong'aa lote, kiini kikielea kama kivuli cha wingu, halikuwa na mbegu. Hilo lilichemshwa, likapondwa, wakapewa kuku. Lakini kulikuwa na la tatu, ambalo mishipa yake ilikuwa imevunjika na damu imejikusanya pete moja nyembamba. Mtoto alianza, akakoma. Kiswahili kina neno lake, viza, nduguye kuvia, na sijui neno jingine linalobeba huzuni ya kitu kilichokwama njiani kwa herufi nne tu. Viza bibi hakulitupa jalalani. Alilifukia chini ya mgomba, akanawa mikono, akarudi kwenye kopo lake.

Bata wetu hawa wenye uso mwekundu asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na huko walikuwa wakifugwa kabla ya Wazungu kufika. Wao hulalia siku 35. Kuku humaliza kwa 21, bata wale wengine kwa 28, kwa hiyo hawa hudai subira kuliko wote. Mama hutoka kiotani mara moja au mbili kwa siku, hula upesi, hujichovya majini, hurudi na kifua kilicholoa. Bibi alimwekea karai la maji hatua chache kutoka kiotani na hakuruhusu mtu kulisogeza. Alisema ukavu ndio unaoua mwishoni, na ni kweli: utando wa ndani ukikauka humkaza kifaranga kama sanda, naye amekwisha kutoboa ganda. Tundu la kwanza likionekana, tulikatazwa kulibandua. Kifaranga huchukua siku nzima, pengine mbili, kutoka pale anapodonoa mpaka anapotoka, na muda huo wote damu ya ile mishipa inarudi mwilini mwake na kiini kinaingia tumboni. Ukimsaidia unamkata.

Miaka michache iliyopita bata wangu aliliwa na nguchiro akiwa kwenye mayai 14. Nikayabeba yakiwa bado na joto, nikampelekea kijana mmoja mwenye mashine ya kutotolesha. Nikamwambia yameshalaliwa siku ngapi. Nilipokwenda siku ya 29, hesabu ikianzia pale mama alipoanza kulalia, mayai hayakuwemo. "Yale yalikuwa viza, mzee. Ishirini na nane zimepita." Yalikuwa shimoni nyuma ya nyumba. Niliinama, nikalipasua moja kwa ukucha. Kifaranga alikuwa kamili: manyoya ya njano na meusi yameshikana kwa majimaji, na kwenye ncha ya mdomo kile kijino cheupe cha kuvunjia ganda. Kiini kilikuwa bado nje ya tumbo. Ndicho chakula cha siku sita zilizobaki.

Sina ugomvi na mashine. Watu wa Misri walitotolesha mayai bila mama tangu kale, katika majoko ya udongo, na mafundi wao walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Mfaransa Réaumur aliandika kitabu juu ya ufundi wa namna hiyo mwaka 1749. Mafundi hao wa Misri walikuwa na maelfu ya mayai, na bado walileta yai jichoni. Kijana wangu alikuwa na taa ya umeme juu ya kichwa chake na tochi kwenye simu yake mfukoni. Kumulika mayai 14 hakumalizi robo saa.

Bibi hayupo tena. Mtaani kwetu amebaki bimkubwa mmoja anayejua kazi hii, na macho yake yameingia mtoto wa jicho. Juzi nilimkuta barazani kwake jioni, mjukuu wake amemshikia simu nyuma ya yai la siku ya 30.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Jeusi tupu, bibi. Limeoza."

"Juu, penye butu, pana mwanga?"

"Kidogo."

"Mpaka wa weusi na mwanga umesimama, au unachezacheza ukilitikisa?"

Mtoto alikuwa amekwisha kugeuza simu, anasoma ujumbe ulioingia. Bimkubwa alinyoosha mkono, akalitwaa yai, akaliweka juu ya kope lake lililofumba, akalituliza hapo muda mrefu. Kisha akalihamishia sikioni. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akaenda mwenyewe gizani kumrudishia bata yai lake.