Je, Kompyuta Huiga? Maoni Juu ya Istilahi Moja ya Elimu ya Nyota

Mwalimu wa Mbeya au Iringa anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake habari za galaksi kibete ana bahati asiyokuwa nayo mwenzake wa Ulaya. Mwezi wa Septemba, saa kumi na moja alfajiri, kusipokuwa na mbalamwezi, akisimama mahali pasipo na taa, kama vile uwanda wa Kitulo, ataona upande wa kusini mawingu mawili hafifu yasiyosogezwa na upepo. Hayo ni Mawingu ya Magellan, nayo ni galaksi mbili ndogo; lililo kubwa liko umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi.

Neno "kibete" tunalikubali. "Mbilikimo" halifai, kwa kuwa ni jina la watu.

Kinachotutatiza ni "uigaji", neno litumiwalo aghalabu kutaja kazi ya kuipa kompyuta kanuni za mvutano, gesi na maada isiyoonekana, kisha kuiacha ikokotoe jinsi galaksi hizo zilivyozaliwa na kukua kwa mabilioni ya miaka. Kuiga ni kufuatisha kilichopo. Kasuku huiga sauti. Akikosea, kosa ni lake. Lakini mwaka 1999 makundi mawili ya wataalamu yalionyesha kwamba hesabu za namna hii zilitoa mamia ya mabonge ya maada hiyo yakiizunguka galaksi kama yetu, hali galaksi ndogo zilizojulikana kuizunguka yetu zilikuwa kama kumi na moja tu. Je, kompyuta iliiga vibaya? La hasha! Haikuwa ikiiga anga. Ilipewa mwanzo na kanuni, ikatoa matokeo, na tofauti ile ndiyo iliyokuwa faida yake. Wataalamu wakatafuta sababu: mionzi ya kale iliyoipasha gesi joto isikusanyike, na milipuko ya nyota iifukuzayo gesi penye mvutano mdogo. Darubini nazo zikagundua galaksi nyingine hafifu, hata idadi ikapita hamsini.

Mwanafunzi aliyefundishwa "uigaji" atadhani ameonyeshwa sinema ya anga. Na mtumishi wa serikali afasiriye taarifa ya mafuriko iliyokokotolewa kwa njia iyo hiyo, akiandika "uigaji wa mafuriko", nani atahama bondeni?

Sisi twapendekeza "ukokotoaji wa mwenendo". Ni refu, twakiri, na wafasiri watanung'unika. "Uigaji" na ubaki kwa rubani anayejifunza ndani ya chombo kisichoruka.