Sifa za Fundi wa Pili

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyewahi kuketi kando ya jahazi lililopwelewa anajua kwamba methali hiyo ni nusu ya habari. Chombo huundwa mara moja. Baada ya hapo hukalafatiwa tena na tena, pamba na mafuta vikishindiliwa kati ya mbao, la sivyo kitazama. Aliyeunda hupata jina. Anayekalafati hupata ujira wake akaenda zake. Namsifu huyo wa pili, ingawa chombo changu hakiendi majini: ni kabati refu la chini, la msaji, lililotengenezwa Denmark miaka sitini na kitu iliyopita.

Msaji, ambao Watanzania wengi siku hizi huuita mtiki, hauoti Denmark. Ulifika Copenhagen kwa meli kutoka misitu ya Siam, ndiyo Thailand ya leo, na Burma. Una mafuta yake ya asili, na ndiyo maana waunda vyombo wa Bahari ya Hindi waliupenda tangu kale. Una pia silika, chembe kama za mchanga, zinazokula makali ya randa na patasi. Mtamu kwa macho, mchungu kwa vifaa.

Mafundi wa kwanza wanajulikana. Mwaka 1924 Kaare Klint alianzisha mafunzo ya fanicha katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Copenhagen, akawazoeza wanafunzi wake kupima kabla ya kuchora: mwili wa atakayekaa, sahani na nguo zitakazohifadhiwa. Tangu 1927 hadi 1966 chama cha maseremala wa mji huo kilifanya maonyesho kila mwaka, msanifu na seremala wakifanya kazi bega kwa bega. Katika maonyesho ya 1949 Finn Juhl na seremala Niels Vodder walileta kiti kipana kilichopewa jina la Chifu, na Hans Wegner, mtoto wa fundi viatu wa Tønder, akaleta kiti cha mviringo kilichotoka katika karakana ya Johannes Hansen. Kiti cha namna hiyo ndicho alichokalia Kennedy mwaka 1960 alipojadiliana na Nixon kwenye televisheni.

Sasa tuingie kwa fundi wa pili. Hatua yake ya kwanza ni kulipindua kabati. Hutafuta chapa chini, hukagua mgongo, kisha huchomoa droo, mtoto wa meza kama tunavyomwita, atazame pembe zake: meno ya mbao yamepishana kama vidole vya mikono iliyofumbatana, bila msumari hata mmoja. Halafu hujiuliza swali zito kuliko yote: huu ni msaji mtupu au ni vinia? Makabati mengi ya enzi hizo yamevikwa vinia nyembamba, pengine haifiki milimita moja, juu ya ubao mwingine. Mwenye pupa akija na mashine ya msasa, dakika chache tu ubao wa ndani umechungulia, na vinia ikishaliwa hairudi.

Kwa hiyo yeye huanza na lililo dogo: kitambaa na maji ya sabuni. Lisipotosha hilo, spiriti. Lisipotosha hilo, msasa laini kwa mkono, kufuata nyuzi za mti. Duara lililoachwa na chungu cha maua linaweza kufifia bila kutoka kabisa. Hapo husimama. Kazi hii haimpimi mtu kwa anachoweza kuondoa, bali kwa anachokubali kukiacha.

Kiungo kilicholegea nacho hakivunjwi. Gundi ya zamani ya ngozi na mifupa hulainika kwa joto na maji. Fundi akiipata hiyo huivukiza kwa subira mpaka ulimi utoke mzima katika tundu lake. Huusafisha, hutia gundi mpya, hubana kwa klampu, hulala. Kiti cha Wegner chenye mgongo wa umbo la Y kikichakaa, huikata kamba yake ya karatasi na kukiwamba upya kwa kamba ya mita zipatazo 120. Aliyekulia kwenye kitanda cha kamba hahitaji kuelezwa kazi hiyo.

Na hapa ndipo sifa za hao wawili zinapokutana. Aliyeunda alimwachia mlango atakayefuata: kiungo kinachofunguka, kamba inayowambika, ubao unaokubali mafuta tena. Kabati la unga wa mbao uliogandishwa, likivimba kwa maji, halina pa kushikwa. Halikumtarajia mtu wa pili.

Nyumba za leo zina maombi yao. Kabati lililopimiwa sahani sasa linabebeshwa televisheni, na mwenyewe anataka tundu la nyaya mgongoni. Fundi mwema hatoboi. Huuvua ubao wa nyuma, akatia mwingine uliotobolewa, ule wa asili akamkabidhi mwenye mali autunze. Mwisho hupaka mafuta, tabaka jembamba baada ya jembamba, na vitambaa alivyotumia huvitandaza nje kimoja kimoja, maana mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na vikilundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe usiku.

Ukinunua kabati la namna hii, usiishie kuuliza liliundwa na nani. Lipindue. Uliza nani alilifungua, alitia gundi gani, vinia imebaki kiasi gani. Kisha jina lake liandike kwenye kikaratasi ukibandike chini, karibu na chapa ya yule wa kwanza.