Kola safi, kitenge cha majivu

Kila mwaka kipindi cha kupewa diploma kikifika, simu zetu zinajaa picha za toga. Mimi naziangalia kwa jicho kali kidogo, na safari hii niko na neno juu ya namna tunazisafisha.

Munaujua ule mstari wa zambarau, rangi tunaita viole, unaozunguka kola nyeupe, karatasi ya diploma, au majani ya mti yenye anga nyuma. Wapiga picha wetu wamejifunza kuutoa. Vizuri. Lakini wanautoa kama mtu anayefua nguo zote pamoja kwa javeli.

Nachukua picha moja tu, mwenyewe simtaji. Mhitimu amesimama na mama yake. Kola na toga zimekatika safi, hakuna doa. Sasa angalia mama: kitenge chake ni cha zambarau na kijani (najua, juu picha ya simu ya siku ile ile inakionyesha), lakini hapa kila ua liko na mpaka wa majivu na rangi imebaki katikati tu. Mtu alivuta kitelezi cha zambarau katika Lightroom mpaka 20, njo mwisho wake, akapanua na eneo la rangi, akaenda kwa picha ingine. Programu haijui mama ni nani. Inaona ukingo, inaona zambarau, inafuta.

Shida yenyewe ni ya zamani. Lenzi inapinda mwanga wa bluu zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo rangi hazikutani mahali pamoja. Newton aliona hakuna dawa, akatengeneza darubini ya kioo cha chuma katika 1668. Dawa ilikuwako: 1758, kule London, John Dollond alipewa haki ya uvumbuzi kwa lenzi ya vioo vya aina mbili vinavyosahihishana. Dawa hiyo inapunguza, haimalizi, hasa kwa ile lenzi ya 50mm f/1.8 ambayo wengi wananunua wakianza kazi juu bei yake ni ndogo.

Na makosa ni mawili, hapa njo ninawalaumu wapiga picha wetu. La kwanza liko kwenye pembe za picha: nyekundu upande huu, bluu-kijani upande ule, juu kila rangi imechorwa kwa ukubwa tofauti kidogo. Hilo unalitoa kwa kubonyeza mara moja. Programu inalinganisha ukubwa wa rangi na karibu hakuna kinachopotea. La pili linatokea hata katikati ya picha: zambarau mbele ya mahali penye kuonekana wazi, kijani nyuma yake. Hapo hakuna cha kulinganisha. Programu inapunguza rangi, basi. Kutumia mkono mmoja kwa yote mawili ni uvivu.

La pili linaanza kutibiwa siku ya kupiga. Funga lenzi mpaka f/4 na sehemu kubwa inaondoka yenyewe. Kinachobaki, chukua brashi, pita kwenye kola peke yake, panda polepole, acha kitenge. Ndani ya darktable, ambayo ni ya bure, unaweza pia kuchagua sehemu ya kurekebisha. Watasema picha ni nyingi na wateja wanalipa kidogo. Ni kweli. Lakini picha za mama na mtoto wake siku hiyo hazifiki mia, na njo zile zitawekwa ukutani.

Katika albamu hiyo hiyo kuna picha ingine ya mama yule, karibu na mlango. Inaonekana hakuna aliyeigusa. Kwenye karatasi ya diploma bado kuna uzi mwembamba wa zambarau, unauona ukikuza sana. Kitenge kiko kizima, mpaka kwa maua madogo ya mkononi. Ile ndiyo ningeichapisha kubwa.