Subira ya Fundi wa Kiyoyozi

Ukitaka kumjua fundi wa kiyoyozi kabla hajawasha mashine, mwangalie anapopitisha bomba la shaba ukutani. Fundi wa kubabaisha hulichomeka likiwa wazi, na vumbi la tofali na lipu huingia nalo. Anayeijua kazi huuziba mdomo wa bomba kwanza, kwa kifuniko chake cha plastiki au kwa selotepu iliyozungushwa vizuri, ndipo alisukume. Ni jambo la sekunde chache. Mwenye nyumba hataliona na hatalidai. Lakini kiyoyozi kitaishi miaka mingapi ni swali linalojibiwa na hali ya ndani ya bomba hilo, na fundi huyu amekwisha kuanza kulijibu.

Viyoyozi vya vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, vimejaa Upanga na Kariakoo, Dar es Salaam, kama vilivyojaa Mombasa na Muscat. Tunavinunua kwa hesabu ya BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza: elfu tisa kwa chumba kidogo, elfu kumi na mbili kwa chumba cha wastani, elfu kumi na nane kwa sebule. Kila kipande kimetoka kiwandani kimekaguliwa, na gesi imo ndani ya mashine ya nje, imepimwa kwa gramu. Kitu ambacho kiwanda hakiwezi kukimaliza ni kuviunganisha vipande hivyo viwili. Sehemu hiyo ya mwisho ya utengenezaji inafanyika juu ya ngazi, kwenye ukuta wa nyumba yako, na aliyekabidhiwa ni fundi.

Mashine hii haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Gesi ya R32, ambayo siku hizi ndiyo iliyomo katika viyoyozi vingi vipya, huchemka ikiwa kwenye nyuzi 52 hivi chini ya sifuri katika presha ya kawaida ya hewa. Ndani ya koili ya chumbani huchemka na kunyonya joto la chumba, kompresa huikandamiza, koili ya nje hulitupa joto hilo barazani. Ndiyo maana kiyoyozi cha elfu kumi na mbili, kikitumia takriban uniti moja ya umeme kwa saa, huweza kuhamisha joto la uniti tatu na zaidi. Zipo mashine zenye valvu ya kugeuza mwendo wa gesi, zikaingiza joto chumbani badala ya kulitoa. Kwa Njombe au Nairobi ya mwezi Julai hilo ni jambo la kuthaminiwa, na kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani ni tegemeo la majira yote ya baridi. Ufungaji wake ni uleule: shaba ileile, maungio yaleyale, na uangalifu uleule.

Kazi huanza kwa kuchagua mahali. Mashine ya ndani inataka nafasi juu yake ili ivute hewa, na isimpulizie mtu usoni akiwa kitandani. Ya nje inataka kupumua pande zote. Ukiibana kwenye kona isiyo na upepo, itavuta tena joto ililolitupa yenyewe. Karibu na bahari fundi huikinga pia na upepo wa chumvi, maana chumvi hula mapezi ya alumini na boliti za mabano. Akiwa ghorofani hujifunga mkanda wa usalama kabla ya kuegemea nje, na hapigi boliti kwenye lipu tupu, bali hutafuta zege au tofali imara litakalobeba uzito huo pamoja na mtikisiko wake kwa miaka.

Kisha tundu la ukutani. Fundi mzuri hulitoboa likiinama kidogo kuelekea nje, ili maji yatoke yenyewe. Katika hewa ya Pwani kiyoyozi cha chumba kimoja kinaweza kutoa lita moja ya maji kwa saa au zaidi, na maji hayo hayana pampu ya kuyasukuma. Yanategemea mteremko tu. Bomba lake likipanda mahali fulani, hata kwa upana wa kidole, maji yatatuama hapo, kisha yatarudi ndani na kuchora ramani ukutani. Kwa hiyo fundi huweka pimamaji, hurudi nyuma akatazama, kisha humimina kikombe cha maji kwenye trei ya ndani na kwenda nje kuhakikisha kwamba yametoka yote.

Sehemu ninayopenda kuitazama kuliko zote ni kutanua mdomo wa bomba. Fundi hukata shaba kwa kikatio cha gurudumu, akikizungusha polepole na kukikaza kidogo tu kila mzunguko, kwa sababu akilazimisha, bomba litabonyea. Hulielekeza chini ndipo aparuze makali yaliyobaki ndani, ili chembe za shaba zidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani ya bomba. Nati huivisha kabla ya kutanua, maana mdomo ukishatanuka nati haipiti tena. Hulibana bomba kwenye kifaa, hushusha koni yenye mwinamo wa nyuzi 45, na shaba laini hufunguka taratibu hadi ikawa kama mdomo wa tarumbeta.

Hapo ndipo husimama. Hupeleka mdomo ule kwenye mwanga na kuuzungusha. Ukingo unatakiwa uwe sawa pande zote, uso wa ndani ung'ae, pasiwe na mkwaruzo wala ufa mwembamba kama unywele. Akiona kasoro hukata kipande hicho na kuanza upya bila kunung'unika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa wenyewe waweza kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Mdomo ukimridhisha, huupaka tone la mafuta ya kompresa, huulaza sawasawa kwenye kiungio, na huanza kukaza nati kwa vidole vyake. Nati ikigoma vidoleni, imekaa upande. Hushushwa na kurudiwa.

Kukaza kwa spana nako kuna kipimo. Spana mbili hutumika, moja ikishikilia ili bomba lisipindike na nyingine ikikaza. Mafundi makini wana spana inayolia inapofika nguvu iliyowekwa: kwa bomba la robo inchi ni nyutoni-mita 14 hadi 18, na kwa la nusu inchi ni 50 hadi 60 hivi. Ikilegea, gesi itavuja. Ikizidishwa, mdomo wa shaba utakatika, nao utavuja vilevile, labda baada ya miezi sita, wakati fundi amekwisha kusahaulika. Nguvu za mkono haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo, na mwenye mkono wenye nguvu ndiye anayekihitaji zaidi.

Maungio yakikamilika, wengi wangefungua gesi na kuwasha. Fundi stadi bado hajafika nusu. Huunganisha mtungi wa naitrojeni kavu kupitia rigyuleta na kujaza mabomba taratibu hadi presha kubwa inayotajwa na kitabu cha mtengenezaji, ambayo kwa mashine za R32 hupita psi 400. Oksijeni haiguswi kabisa: ikikutana na mafuta kwa presha kubwa hulipuka, na kosa hilo limewahi kuua watu. Hupaka povu la sabuni kwenye kila nati na kulitazama kwa makini. Baada ya hapo huandika presha, saa na hali ya joto, na kuiacha. Huandika joto kwa sababu jua la mchana likiyapiga mabomba, presha hupanda yenyewe. Asiyezingatia hilo anaweza kudanganywa na sindano ya geji, akafurahi wakati pana tundu.

Baada ya naitrojeni huja vakyumu, na hapa ndipo subira inapojaribiwa. Hewa iliyobaki ndani ya mabomba haigeuki kimiminika kama gesi, hivyo hukaa tu ndani ya mashine ya nje na kupandisha presha. Mvuke uliomo ndani yake ni mbaya zaidi. Mafuta ya kompresa za kisasa hunyonya unyevu haraka sana. Yakichanganyika na maji hutokea asidi, na asidi hiyo hula waya za kompresa kimyakimya. Wapo wanaofungua valvu kidogo ili gesi ya kiwandani isukume hewa nje. Njia hiyo huharibu kipimo cha gesi, huchafua anga, na unyevu huuacha ulikokuwa.

Pampu ya vakyumu huutoa unyevu huo kwa namna inayonistaajabisha hadi leo. Presha ikishuka vya kutosha, maji huchemka bila moto, hapohapo ndani ya bomba, yakawa mvuke na kuvutwa nje. Presha ya hewa tunayovuta usawa wa bahari ni mikroni 760,000. Fundi hushuka mpaka chini ya 500. Sindano ya geji ya kawaida haiwezi kusoma udogo huo, kwa hiyo hutumia geji ya mikroni. Akifika, hufunga valvu ya pampu na kutazama namba. Zikipanda kidogo kisha zikatulia juu, bado kuna unyevu. Zikiendelea kupanda bila kukoma, pana mahali panapovuja. Zikitulia chini, bomba ni kavu, safi na limebana.

Katika muda huo wote mtu apitaye huona mafundi wawili wameketi kando ya pampu inayonguruma. Nimesikia mwenye nyumba mmoja wa Kinondoni akiuliza, "Fundi, mbona mmekaa?" Fundi akamjibu kwa heshima, "Hatujakaa, mama. Pampu inafanya kazi, na sisi tunaisimamia." Kisha akamwonyesha namba kwenye geji, akamweleza zinatakiwa zifike wapi na kwa nini. Mama yule akavuta kiti akakaa nao. Nakumbuka pia kwamba kijana anayejifunza alikuwa akisikiliza kila neno, na hivyo ndivyo ufundi unavyorithishwa.

Gesi yenyewe hutoka mashine ya nje. Mara nyingi iliyowekwa kiwandani hutosha bomba la mita chache; bomba likizidi urefu uliotajwa, fundi huongeza kwa mizani, mara nyingi gramu 20 hivi kwa kila mita kwenye mashine ndogo. Hajazi kwa kukisia, wala kwa kugusa bomba na kusema limepoa. Anajua pia anachokishika. R22 ya zamani huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuachana nayo karibu kabisa. R410A haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake hupasha joto dunia mara elfu mbili hivi kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Gesi za namna hiyo ndizo zilizokubaliwa kupunguzwa mjini Kigali, Oktoba 2016. R32 ina takriban theluthi ya madhara hayo, ila yenyewe inaweza kushika moto. Kwa hiyo fundi hachomelei bomba lenye gesi, havuti sigara karibu nayo, na akihamisha mashine huirudisha gesi ndani ya kipande cha nje au kwenye mtungi, haiachii hewani.

Umeme haupewi nafasi ya mwisho kwa sababu ya kudharauliwa. Kiyoyozi kinataka laini yake kutoka kwenye boksi la breka, si soketi inayogawana na pasi na birika. Kinataka waya wa unene unaotosha, erthi iliyopimwa, na kifaa cha kulinda volteji. Kwetu umeme hukatika na kurudi ghafla. Kifaa hicho huichelewesha kompresa dakika chache mpaka presha za pande mbili zisawazike, isilazimike kuanza kazi ikiwa imebanwa. Mashine ikishawashwa, fundi hupima ampea, hupima joto la hewa inayoingia na inayotoka, huandika yote, na kumwachia mwenye nyumba karatasi.

Ufundi wa majokofu na viyoyozi unafundishwa katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, na vijana wengi hutoka huko wakiyajua haya yote. Kinachowaharibu ni sisi wateja. Tunapokandamiza bei ya kufunga, shaba haipungui wala waya haupungui, kwa sababu tunaviona. Kinachopungua ni muda, na muda wa kwanza kukatwa ni ule wa naitrojeni na vakyumu. Halafu kila mwaka tunamwita mtu "aongeze gesi", kana kwamba gesi huliwa. Gesi hailiwi, ikipungua, imevuja.

Basi, msomaji, kabla hujakubaliana bei na fundi, muulize kama ana naitrojeni, pampu ya vakyumu na geji ya mikroni. Akikuonyesha vyote vitatu, mlipe anachostahili, na usimharakishe.